Kutoka taarifa za benki hadi mchoro wa mahusiano: somo kwa wapelelezi wa fedha

Anayeanza kuchambua uhalifu wa kifedha hutamani kuuona mchoro mapema: nukta (watu au akaunti), mistari (miamala kati yao), na mshukiwa katikati. Subira. Kesi nyingi hupona au hufa kabla ya mchoro, kwenye usafishaji wa majina na namba. Ndiyo maana hatua ya pili nimeirefusha.

Nitatumia OpenRefine ya kusafishia data na Gephi ya kuchorea mtandao, programu huria ambazo hazilipiwi na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako, hivyo data ya kesi haitoki nje. Mwenye i2 Analyst's Notebook, programu nyingine ya kuchora mahusiano, afuate mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Linda faili halisi

Faili uliloletewa na benki usiliguse. Likokotolee alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa hata kidogo, iandike kwenye kumbukumbu ya kesi, kisha fanyia kazi nakala. Wakili wa utetezi akidai data imechezewa, utakuwa na la kumjibu.

Hatua ya 2: Safisha

Anza na namba za akaunti. Ukifungua CSV (faili la jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu) moja kwa moja kwenye Excel, sifuri za mwanzo hupotea. Namba ikizidi tarakimu 15, zinazofuata hugeuzwa sifuri, kwa hiyo akaunti mbili tofauti zinaweza kuonekana moja. Ingiza safu hiyo kama maandishi.

Halafu tarehe. 03/04 ni Machi au Aprili? Benki mbili zinaweza kuandika kinyume. Zigeuze zote ziwe mwaka, mwezi, siku.

Sasa majina. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja au watatu. OpenRefine hukusanya majina yanayokaribiana na kukupendekezea uyaunganishe. Usikubali kwa mkupuo! Tafuta kitu cha pili kinachothibitisha: tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, simu, anwani. Ukiunganisha watu wawili kimakosa, umemwingiza asiyehusika kwenye mtandao wa wahalifu, na mstari wake utaonekana sawa na mingine yote. Akaunti yake inaweza kuzuiwa kwa sababu yako. Jina lilivyoandikwa kwenye chanzo libaki kwenye safu yake, jina sanifu liwe na safu nyingine, na sababu ya kuunganisha iandikwe pembeni.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la miamala

Anayetuma mwite Source, anayepokea Target. Gephi hutambua safu kwa majina hayo. Ongeza kiasi, sarafu, tarehe, na ukurasa au mstari wa taarifa ya benki ulikotoa muamala. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo itakayowaokoa mahakamani.

Hatua ya 4: Chora, kisha punguza

Nukta yenye mistari mingi kuliko zote mara nyingi ni kampuni ya simu au mamlaka ya kodi. Iondoe. Kisha iambie Gephi ipime ni nani anayepitiwa na njia nyingi zinazounganisha wengine. Mtu mwenye miamala michache anaweza kuwa ndiye daraja pekee kati ya makundi mawili.

Hatua ya 5: Rudi kwenye muda

Mchoro huficha mfuatano. Ukiona A kwenda B, na B kwenda C, utadhani fedha zilipita, kumbe B alimlipa C mwezi mmoja kabla ya kupokea kutoka kwa A. Panga miamala kwa tarehe na saa. Akaunti inayoingiza fedha asubuhi na kutoa karibu zote jioni, siku baada ya siku, inafanana na akaunti ya kupitishia. Lakini hata wakala halali hufanya hivyo, basi chunguza shughuli yake kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Sheria ya Benford inafaa hapa?
Inafaa kuonyesha pa kuanzia. Kwenye data nyingi za asili, tarakimu ya kwanza huwa 1 kwa takriban asilimia 30.1, na 9 kwa asilimia 4.6. Ila viwango vyenye kikomo au bei maalumu haviifuati hata pasipo wizi.

Mkuu, wanaokatakata fedha ili wasiripotiwe nawapataje?
Usitazame muamala mmoja mmoja. Marekani, kwa mfano, benki huripoti fedha taslimu zinazozidi dola 10,000, na kuzikata makusudi ili kukwepa ripoti ni kosa lenyewe. Jumlisha kwa mhusika, katika matawi yote, kwa dirisha la siku kadhaa linalosogea.

Miamala yangu ni mamilioni, Gephi inakwama. Nifanyeje?
Hamia hifadhidata ya grafu, yaani inayohifadhi data kama nukta na mistari inayoziunganisha. ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, walitumia hifadhidata ya Neo4j na Linkurious ya kuitazamia kwenye Panama Papers, uvujaji wa nyaraka milioni 11.5 uliochapishwa mwaka 2016. Hata hivyo, anza na mshukiwa na majirani zake wa hatua mbili. Mara nyingi hutahitaji zaidi.

Naweza kuupeleka mchoro mahakamani kama ushahidi?
Upeleke kama kielelezo cha kumsaidia hakimu kufuata nyaraka. Kabla ya hapo pitia kila mstari na ufungue ukurasa wake wa chanzo. Usiokuwa na ukurasa, ufute.