Kaskazini ya Pemba kwa siku tatu: Fundo, Ngezi, Vumawimbi na Tumbe

Watu wakiuliza habari za kaskazini ya Pemba huanza na nauli na mahali pa kulala. Hayo hayasumbui: Wete ina nyumba za wageni za kutosha. Kinachovunja safari za huku ni maji, basi tuanze nayo.

1. Tazama mwezi kabla ya kuchagua siku. Tumia tarehe za mwezi mwandamo. Mwezi 1 na mwezi 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani maji makubwa. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4; maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka mnamo saa 4 asubuhi. Mwezi 8 na mwezi 23 hivi ni maji mafu. Tofauti hushuka hadi kama mita moja na saa hugeuka: kujaa saa 4 asubuhi, kupwa saa 10 jioni. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukijua maji ya leo, ya keshokutwa utayahesabu mwenyewe.

Maji hayatoki kwa kasi moja. Baada ya kujaa, saa ya kwanza hutoka kidogo. Saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio, na karibu nusu ya maji yote hutoka katika saa hizo mbili. Ndipo mkondo unapokuwa mkali kwenye milango kati ya visiwa vya magharibi, kama wa Fundo na wa Njao. Upepo ukipingana na mkondo huo, mawimbi huinuka hata siku ambayo huko Wete inaonekana shwari.

2. Fika Wete. Ukishuka bandari ya Mkoani, panda daladala 603 hadi Chake Chake, kisha 606 hadi Wete. Ya Konde hutoka Chake pia. Toa fedha taslimu Chake au Wete, katika noti ndogo. Ukienda Konde na noti kubwa tupu, wewe na dereva wa bodaboda mtazunguka maduka yote kutafuta chenji.

3. Siku ya Fundo. Bandarini Wete kuna boti za abiria wa kisiwani na za kukodi. Ya abiria ni rahisi, ila hungoja ijae watu, na ya kurudi haikungoji wewe. Uliza saa ya kurudi kabla hujapanda. Ukikodi, kubalianeni mambo manne pwani: petroli ni ya nani, nahodha atangoja kwa muda gani, mtarudi saa ngapi, na jaketi za kuokolea ziko ngapi. Zihesabu kwa macho.

Maji mafu ndiyo bora kwa Fundo: unaondoka asubuhi maji yamejaa, na jioni yakipwa chombo bado kinaelea. Ikiwa ni bamvua, ondoka baada ya saa 6 mchana maji yakiwa yanajaa, urudi mnamo saa 10. Anayetoka saa 4 asubuhi ya bamvua atateremka kwenye matope na kusukuma boti.

Ukifika, mtafute sheha, kiongozi wa kijiji, kwanza, jitambulishe, useme unataka kuona nini. Magoti na mabega yafunikwe, wanaume pia. Usitegemee kulala wala kupata chakula cha kununua: chukua lita 3 za maji kwa kila mtu, na kitu cha kula.

4. Siku ya Konde, Ngezi na Vumawimbi. Panda daladala ya asubuhi hadi Konde, halafu bodaboda au baiskeli. Bodaboda mpatane kwenda na kurudi, umlipe nusu mwanzo. Vumawimbi hakuna kituo cha kuchukua nyingine.

Getini Ngezi lipa kiingilio na uchukue mtembezaji. Msitu una hekta 1,400 na ushei. Wengi huupita mbio wakikimbilia pwani, na hilo ni kosa, kwani ndani yake kuna mipapindi (mnazi-pori wa Pemba) na popo wa Pemba, mkubwa na mwekundu, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Kima punju nao wamo. Waliletwa kutoka Jozani miaka ya 1970. Wakati wa masika njia ina tope, vaa viatu vya kufunika.

Ukitoka msituni unapita Makangale, kisha pwani ya Vumawimbi upande wa mashariki, pwani ya Verani upande wa magharibi, na mnara wa taa wa Kigomasha kwenye ncha. Kupanda mnara omba ruhusa kwa mlinzi. Saa 9 alasiri geuza uso Konde, usikose daladala.

5. Tumbe na Chwaka. Nenda Tumbe asubuhi, samaki wanaposhushwa na kunadiwa. Usisimame kati ya mnadi na wanunuzi, na picha omba. Karibu yake ni magofu ya Chwaka: msikiti na makaburi, likiwemo linalosimuliwa kuwa la Haruni, mtoto wa Mkame Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini. Usipande kuta, chokaa yake imelegea.

Maswali ya wasafiri

*Naweza kuunganisha Fundo na Vumawimbi siku moja?*
Hapana. Fundo inafuata maji na Vumawimbi inafuata daladala. Utawahi kimoja na kukimbizwa kwenye kingine.

*Nina watoto wadogo. Waogelee wapi?*
Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, Vumawimbi hupokea mawimbi moja kwa moja, wapeleke Verani. Na waoge maji yakiwa yanajaa, yasiwe yanatoka.

*Nahodha alitungojesha saa nzima mlangoni, akasema mkondo. Alikuwa anavuta muda?*
Huenda alikuwa sahihi, ndugu. Ikiwa ilikuwa saa ya tatu au ya nne tangu maji kujaa na upepo unatoka mbele, kungoja ni kazi yake. Mwulize maji yamejaa saa ngapi. Nahodha wa kweli atakujibu bila kufikiri.

*Nikichomwa na mwiba wa samaki taa?*
Kwanza uzuie: kwenye mchanga wa maji mafupi buruta miguu, taa atakusikia na kukimbia. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto, yale tu ambayo mkono wa mwenzako unaweza kuyavumilia, mpaka maumivu yapungue. Yaweza kuchukua saa moja na nusu. Kipande cha mwiba kilichozama usikichokonoe, na kama ni kifuani au tumboni usikitoe kabisa. Nenda hospitali.

*Ramadhani inafaa?*
Kutembea inafaa, lakini mchana usile wala usinywe mbele za watu, na boti za alasiri hurudi mapema kuwahi futari. Uliza upya saa ya mwisho, ile ya kawaida haifai.