Giaboksi iliyogoma na kutu ya sakafuni: pa kuanzia ukifufua gari lililolala

Gari likikaa miaka bila kuwashwa alafu ukaamua unalifufua, kazi mbili ndo zitakula muda wako kuliko zote, kushusha injini na giaboksi, na kutibu kutu ya bodi. Wengi wanaanza na kutu kwa sababu ndo inaonekana na inaudhi macho. Mimi nakushauri anza na kushusha. Giaboksi ikishakuwa chini unaona ile handaki ya katikati ya sakafu, unaona ukuta wa nyuma ya injini, unaona sehemu za chesi zinazoshika mauntingi (vishikio vya injini na giaboksi), yaani kutu yote iliyojificha inajianika yenyewe, na ukija kuchomelea hutakuwa unapiga moto karibu na oil sili, nyaya na paipu za mafuta.

Na kitu kimoja ukiweke kichwani mapema, kitu kikigoma kutoka ujue kuna kinachokishika. Karibu kila kilichovunjika kwenye kazi hii kilivunjika kwa sababu mtu aliongeza nguvu kabla hajajua nini kinashika.

Kabla ya spana yoyote, toa waya wa negativu kwenye betri. Gari liweke juu ya stendi nne, chini pawe pagumu na pamenyooka, alafu lisukume kwa mkono uone kama linatikisika. Jeki ni ya kuinulia tu, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki hata kama ni sekunde mbili za kuokota soketi. Ukishalipandisha hakikisha una nafasi ya kutosha kutoa giaboksi kwa chini ikiwa imekaa juu ya jeki yake, maana watu wanaifungua yote vizuri alafu inagoma kupita chini ya gari.

Sasa bolti. Siku kadhaa kabla ya kazi zungukia zote unazojua utafungua, zisugue na brashi ya waya kwanza mpaka uone nyuzi, ndipo upulizie oili ya kulegeza kutu. Ukipulizia juu ya tope oili inaishia kwenye tope. Rudia kila siku. Kuna mchanganyiko mafundi wanaupenda sana, nusu oili ya giaboksi otomatiki (ATF) na nusu asetoni, unafanya kazi vizuri ila unajitenga kwa hiyo utikise kila unapotumia, asetoni inaharibu rangi na plastiki na inashika moto haraka mno, ukiipaka mahali usije hapo na tochi ya gesi.

Soketi tumia ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika kwenye kona tu, na kwenye kichwa cha bolti kilicholiwa na kutu itakimalizia. Igonge soketi iingie mpaka mwisho, tumia kipini kirefu, na jaribu kukaza kidogo kwanza kabla ya kufungua, mara nyingi kule kukaza ndo kunavunja ule mshiko wa kutu. Unachosikilizia ni mlio mfupi mkavu, kak, ukiusikia huo bolti imeachia. Ila ukihisi inazunguka kwa ulaini bila mlio, inavutika vutika kama mpira, simama hapo hapo, hiyo haifunguki, inajinyonga na inakaribia kukatika. Rudisha nyuma, ongeza oili, robo mzunguko mbele, robo nyuma, usafishe nyuzi zinazojitokeza, uende hivyo hivyo hata kama inachosha.

Ikikataa kabisa ndo unaleta moto. Pasha nati, sio bolti, maana unataka nati itanuke iachie kilicho ndani yake. Pasha mpaka ianze kuwa nyekundu iliyofifia, iache ipoe kidogo, jaribu. Kuwa makini sana na alumini, yenyewe haikupi dalili ya wekundu, inayeyuka kwenye 660°C hivi na zile za kumimina kama ganda la giaboksi zinaweza kuanza chini ya hapo, unaiona iko kawaida alafu ghafla inabomoka. Na moto hauendi karibu na tangi, paipu za mafuta, shokomzoba wala waya wowote wa eabegi.

Bolti ikikatika, usikimbilie ile kekee ya kutolea bolti yenye nyuzi za kinyume, ni chuma kigumu sana na ikikatikia ndani kekee ya kawaida haiigusi, hapo umejiongezea kazi. Kama kisiki kimejitokeza hata kidogo, weka nati juu yake na uchomelee kwa ndani ya tundu la nati, subiri wekundu uishe, alafu zungusha taratibu na spana. Joto la kuchomelea linafanya nusu ya kazi. Kama kimekatika ndani kabisa tafuta kekee inayozunguka kushoto, toboa katikati, mara nyingi inakitoa wakati bado unatoboa.

Kwenye shafti. Mwaga oili ya giaboksi kwanza, maana ukivuta propela shafti mkia wa giaboksi unamwaga oili kwenye uso wako. Weka alama ya rangi kwenye flenji (sahani ya kufungia bolti) ya propela na ya difu ili zirudi zilivyokuwa, zikikosana gari linaweza kutetema. Gari la kuvuta mbele, draivi shafti huwa inagandia kwenye habu, usiipige nyundo kwenye nyuzi, tumia puller ya kusukuma na acha nati imefungwa mpaka usawa wa ncha kulinda nyuzi. Upande wa giaboksi ingiza mtaimbo mdogo kati ya joinit (kiungo cha shafti) na ganda, uupige mstuko mmoja wa haraka. Usivute shafti yenyewe, joinit itaachana ndani ya buti la mpira.

Haya, giaboksi yenyewe. Umefungua bolti zote, mauntingi iko chini, jeki imeishika na mkanda umefungwa, na bado haitoki. Karibu kila mara ni mojawapo ya haya. Kuna bolti hujaiona. Bolti za juu kabisa zinahitaji ekstensheni ndefu inayopita juu ya giaboksi mpaka nyuma ya gari, na zingine zinafunguliwa kutokea upande wa injini sio wa giaboksi. Bolti za stata kwenye magari mengi zinapita mpaka kwenye ganda. Kuna kile kibati cha chini cha kufunika flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Kuna waya wa athi. Pitisha kidole mzunguko mzima wa pale panapokutana injini na giaboksi, kidole kinaona kuliko macho pale juu. Na chora umbo la ganda kwenye kipande cha katoni uchomeke kila bolti mahali pake, urefu wao haulingani na bolti ndefu ikiingia pafupi inapasua.

Kama ni otomatiki, kuna bolti za tokikonveta (lile bakuli la oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) zinazofunga kwenye fleksipleti, yaani sahani nyembamba ya nyuma ya injini, unazifikia kwenye tundu la stata au kidirisha cha chini, moja moja, huku ukizungusha injini kwa soketi kwenye bolti ya puli ya krenki. Usipozitoa, giaboksi itavutika lakini konveta inabaki kwenye injini, na hapo unaharibu sili ya pampu ya mbele na wakati mwingine pampu yenyewe. Konveta inatoka ikiwa ndani ya giaboksi, na ishikilie isidondoke.

Ukishahakikisha hakuna bolti, kinachobaki ni zile pini za kuelekezea, huwa mbili, chuma ndani ya alumini, na kutu yake inavimba mpaka inabana kabisa. Utaona upande mmoja umefunguka upana wa kucha na mwingine umekaa pale pale. Hapo mtu anaenda kwenye upande uliofunguka na kuongeza mtaimbo, ndo anaibana zaidi maana pini inakaa kiupande. Rudisha giaboksi mbele ifunge tena, pulizia oili kwenye pini zote mbili, alafu fungua pande zote sawa kidogo kidogo, kabari ya mbao huku, kabari kule. Usichomeke tindo kwenye nyuso za kukutania, mkwaruzo mdogo tu unafanya giaboksi isikae sawa ikirudi.

Angalia pia pembe. Ukishusha mkia wa giaboksi injini nayo inainama, kwa hiyo weka jeki ya pili yenye kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili la injini), na uangalie nyuma ya injini isibane ukuta. Na kwa ya manyuo, usiiache giaboksi inaning'inia kwenye shafti ya klachi hata dakika moja, uzito wake unapinda klachi pleti. Ikivutika kidogo ikasimama, mara nyingi klachi imegandia kwenye shafti. Kwenye baadhi ya magari unaweza kufikia bolti za kifuniko cha klachi kupitia tundu la chini, unazitoa zote na klachi inatoka pamoja na giaboksi.

Sasa kutu. Toa kapeti lote, toa na ile lami ya chini, maana lami iliyoachia ni mahali maji yanapokaa. Chukua nyundo ndogo ugonge kote. Bati zima linalia, bovu linatoa sauti ya kufa, pup, hapo chomeka bisibisi, ikipita ujue. Ukiona tundu la sarafu kwa nje tegemea kukata kiganja kizima, kwa sababu kutu ya bodi mara nyingi inaanzia ndani na kuonekana nje ni mwisho wake. Kabla hujakata tafuta maji yanaingilia wapi, mpira wa kioo cha mbele, mifereji ya dirisha la juu, matundu ya kutolea maji chini ya milango yaliyoziba. Usipoziba hapo kiraka chako kitaoza vile vile.

Lile boksi la chini ya milango ndo linashika bodi isijikunje. Kabla ya kulikata, chomelea bomba za mraba kwenye nafasi ya mlango, kata upande mmoja tu kwa wakati, na kila hatua jaribisha mlango unafunga vizuri. Sehemu zinazoshika mkanda wa kiti, sospensheni na chesi zinabeba maisha ya watu, kama mkono wako bado ni mchanga kwenye kuchomelea mpe mwenye uzoefu sehemu hizo, zingine ufanye mwenyewe.

Kata mpaka chuma kinachong'aa na chenye unene kamili. Bati la nje huwa karibu 0.8 mm, la sakafu 1 mm au zaidi kidogo. Kiraka kikate kwa mfano wa katoni na uzungushe kona zake. Mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe) yenye waya wa 0.6 mm na gesi ya agoni iliyochanganywa na CO2 inatosha. Piga taki (nukta fupi ya kuchomelea) moja hapa, ruka mbali upige nyingine, iache ipoe mpaka uweze kuigusa, uendelee kujaza katikati. Ukivuta mshono mrefu mara moja bati linajikunja na hulirudishi kirahisi.

Tangi litoke kabla ya kuchomelea, sio kufunikwa, litoke. Chuma usikisafishe na brekikilina ya klorini alafu ukachomelea, moto unaigeuza kuwa gesi ya fosjini, ni sumu ya kuua. Rangi ya zinki isugue yote, moshi wake unakupa homa. Uwe na kizimamoto karibu, na urudi kukagua nusu saa baada ya kumaliza, kapeti na lami vinafuka polepole.

Kutu ya juu juu haihitaji kiraka, brashi ya waya mpaka ing'ae, asidi ya fosforiki kwa zile chembe za kwenye vishimo, suuza, kausha kabisa, alafu praima ya epoksi. Puti usiweke juu ya kutu kamwe, inanyonya maji na kuyaweka pale pale.

Ukimaliza paka sili kwenye mishono, rangi, alafu pulizia nta ndani ya maboksi yote kupitia matundu yake, na upitishe waya kwenye matundu ya kutolea maji kuhakikisha nta haijayaziba. Zile pini za giaboksi zisugue zing'ae na uzipake grisi kidogo. Ukirudisha giaboksi, kama ni otomatiki, konveta isukume huku ukiizungusha mpaka uisikie imedondoka hatua zote na imezama ndani ya ganda, kisha giaboksi inatakiwa ikutane na injini kwa kusukuma na mikono tu, ikibaki nafasi usiivute kwa bolti, itoe tena uangalie konveta.