Somo: Namna ya kupata fildi yenye posho kwenye masoko ya chakula na mipango ya vijiji

Habari zenu wakuu. Msimu wa kutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo hauko mbali, na kila mwaka naona vijana wazuri wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Chuo Kikuu Ardhi na Chuo cha Mipango Dodoma wakiishia kutoa fotokopi miezi miwili bila hata nauli. Inaniuma, kwa sababu kazi zipo, na mara nyingi hela ya kuwalipa ingepatikana kama mwanafunzi angefika na kazi inayoeleweka badala ya kuomba "nafasi yoyote". Natumia mfano wa mboga za Mgeta, kule milimani Morogoro, zinazoshuka Morogoro mjini na Dar es Salaam. Wewe badilisha kulingana na ulipo.

Hatua ya 1: Fuata kalenda ya hela

Fildi nyingi zinaangukia Julai hadi Septemba. Mwaka wa fedha wa halmashauri nao unaanza Julai 1, ila bajeti yake inapikwa miezi mingi kabla. Ukipeleka barua Juni, hata ofisa anayekutaka kwa dhati hana kifungu cha kukulipia. Peleka kuanzia Novemba, au Januari ukichelewa sana. AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na mashirika yasiyo ya kiserikali yanakwenda na miradi, kwa hiyo huko uliza kwanza mradi unaisha lini.

Hatua ya 2: Tafuta pengo kabla ya kuomba

Hapa ndipo penye kazi, msiparuke.

Nenda sokoni alfajiri, simama malori yanaposhusha kabichi na karoti. Tazama gunia lilivyofungwa lumbesa, yaani limejazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, wakati Sheria ya Vipimo inakataza na mwisho wa gunia ni kilo 100. Dalali anataja bei kwa gunia, si kwa kilo. Mkulima yuko Nyandira, huko Mgeta, anasubiri simu, hajui mzigo wake ulikuwa kilo ngapi. Sasa mfuate ofisa wa soko, msalimie vizuri, umuulize: mwezi uliopita kabichi ziliingia kiasi gani, na kutoka vijiji gani? Akifungua daftari likawa na jumla ya ushuru tu, umeshapata kazi yako.

Kwa nini halmashauri ijali? Ushuru wa mazao ni mapato yake. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, kwa hiyo kujua mzigo halisi unaopita kukawa na uzito zaidi. Upande wa kijiji nako kuna faida. Kwenye upangaji shirikishi wa kijiji uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wananchi wakikaa kutaja vipaumbele, barabara haikosekani. Vijiji vyote vinataka barabara. Kijiji kinachoonyesha ni tani ngapi za mboga zinakwama mvua zikinyesha kina hoja ya kusimama nayo mbele ya kata na wilaya. Hapo ndipo chakula na mipango vinapokutana, na mwanafunzi mwenye mzani na daftari anaweza kusaidia kuliko anavyodhani.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja tu

Mambo manne: tatizo uliloliona, utakachofanya kila wiki, utakachowaachia, na gharama. Kwa mfano: "Kila siku ya soko nitapima sampuli ya magunia 10, nitaandika kijiji yalikotoka na bei ya dalali. Mwishoni nitakabidhi jedwali na ramani ya vijiji vinavyoleta mzigo." Kwenye gharama taja nauli, chakula cha mchana na bando. Usiandike "posho itakayofaa", andika kiasi.

Hatua ya 4: Pita mlango sahihi

Barua ya utambulisho ya chuo inaelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Ukurasa wako uambatanishe, na nakala mpelekee mkuu wa kilimo au wa mipango, maana huyo ndiye atakayekupigania. Ukishapokelewa, ripoti kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Ukiingia kijijini na kuanza kuuliza watu mashamba yao bila kuripoti, utaonekana umetumwa na wanaotaka ardhi.

Hatua ya 5: Posho iwe kwenye maandishi

Kiasi, siku ya malipo, na nani anasaini. Ahadi ya mdomo haitoshi, hata ikitoka kwa mtu mwema. Na asitokee wa kukuambia ulipe ndipo upewe nafasi. Huyo ni tapeli.

Hatua ya 6: Rudisha matokeo

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Omba dakika chache uwaeleze wananchi ulichokipata. Ni haki yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina mkopo wa Bodi wenye kipengele cha mafunzo kwa vitendo. Nikilipwa posho si nitakuwa nimelipwa mara mbili?

Marahaba. Bumu la fildi ni mkopo, utaurejesha. Posho ni malipo ya kazi yako. Ukiulizwa na chuo, sema ukweli.

Kaka, mimi nasoma mipango miji. Nitafanya nini na kabichi?

Mdogo wangu, soko ni mipango miji tupu. Lori linageukia wapi, taka zinakwenda wapi, mama lishe amewekwa kona gani, maji na choo viko umbali gani? Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, swali la kwanza lilikuwa wafanyabiashara wakae wapi. Chora ramani ya matumizi ya eneo la soko lako saa 11 alfajiri na nyingine saa 8 mchana, uone tofauti.

Kijijini kwetu wanaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Mwanafunzi anaweza kuingia?

Anaweza. Kazi hiyo inafuata sheria ya mwaka 2007 na inasimamiwa na timu ya wilaya. Ikiwa na mfadhili, uliza kama kuna fungu la wakusanya takwimu. Ukienda, uliza na wanawake peke yao mboga za nyumbani wanalima wapi, kwa sababu vibustani vya bondeni ni rahisi kusahaulika kwenye ramani.

Nimeshahitimu. Somo hili linanihusu?

Hatua ya 2 na ya 3 zinakuhusu kabisa. Ila wewe tafuta mafunzo ya utarajali kwa wahitimu, fuatilia matangazo ya TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira.

Bosi amesema posho hakuna, ila "nitapata uzoefu". Nikubali?

Kwanza omba nauli na chakula tu. Akikataa hata hivyo, mwombe apunguze siku ziwe tatu kwa wiki, upate muda wa kutafuta riziki. Akitaka siku tano bure na kazi yenyewe ni kupeleka mafaili, tafuta kwingine dada, mradi hujachelewa tarehe ya chuo.