Somo: Farasi mgeni akifika bandani, siku 21 za kwanza

Ndugu zangu masaisi, yaani watunza farasi, na ninyi wenye farasi mnaowaweka liveri, banda la kutunziwa kwa malipo ya mwezi, naandika hili mara moja ili atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa. Swali ni lile lile: farasi mpya ameshuka lorini, nimpe nini, na nimwachie lini na wenzake?

Nimefanya usaisi miaka 19 upande wa Karen na Lang'ata, Nairobi, kwenye mabanda ya liveri na ya mafunzo. Farasi wengi niliowaona wakiharibika walifika wazima. Waliharibikia kwetu, wiki ya kwanza, mikononi mwa watu waliowapenda. Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa farasi, methali hiyo iache getini.

Hatua ya 1. Kabla hajapakiwa, piga simu anakotoka. Uliza anakula nini, kilo ngapi, saa ngapi, alipewa lini dawa ya minyoo, na kitabu chake cha chanjo kiko wapi. Omba aje na marobota ya nyasi alizozoea, za kutosha wiki mbili. Wakikataa kukupa, nunua.

Hatua ya 2. Mshushe bila haraka, mpe maji, mtembeze kidogo kwa mkono.

Hatua ya 3. Akishatulia saa moja, mpime. Joto la kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yatafute kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Pumzi ni 8 hadi 16. Tazama fizi: ziwe za waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe au za manjano, fikiria biliari, ule ugonjwa wa kupe. Kipimajoto huingizwa mkunduni, kwa hiyo kifunge uzi na kibanio cha nguo ukibane mkiani, maana kikiingia ndani hukipati. Andika kila kitu ukutani kwa chaki.

Hatua ya 4. Mtenge siku 21. Chumba chake, ndoo yake, brashi zake, uma wake wa kutolea mavi. Mhudumie wa mwisho, kisha nawa. Tunachokiogopa zaidi ni ugonjwa wa majipu chini ya taya, unaosafiri kwa makamasi, kwa ndoo na kwa mikono yetu. Homa huja kabla ya makamasi, ndiyo maana nasema mpime joto asubuhi na jioni hata akionekana mzima. Ukisubiri uone usaha, umeshachelewa.

Hatua ya 5. Chakula. Hapa simama usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipokosea.

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili ule, na hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi. Huko nyuma ya utumbo ana mfuko mkubwa wa kuchachushia nyasi, na vijidudu vinavyofanya kazi hiyo vimezoea chakula alichokula jana na juzi. Ukimwagia nafaka nyingi ghafla, vile vya nyasi vinakufa, asidi na gesi zinapanda, na sumu inaingia kwenye damu.

Mwaka wangu wa tano kazini alikuja farasi maksai (aliyehasiwa) mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, Ijumaa jioni, mbavu zinahesabika. Alikotoka alikula nyasi tu. Nilimhurumia. Nikampimia gorogoro tatu, ule mkebe wa kupimia nafaka, za shayiri iliyopondwa na luseni (majani makavu ya alfalfa) juu, chakula kile kile cha farasi wetu wa kuruka viunzi. Akala mpaka akalamba ndoo, nami nikaenda kulala nikiwa na furaha. Saa nane usiku askari wa zamu akanigongea dirisha. Nilimkuta chini, ameloa jasho, anageuza shingo kutazama ubavu, anainuka, anaparua sakafu, anaanguka tena. Maranda yote alikuwa ameyasukumia ukutani, saruji ikabaki wazi. Koliki, yaani maumivu makali ya tumbo. Daktari akapitisha mpira puani hadi tumboni, tukakesha. Kulipokucha tumbo lilikuwa limetulia, nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Siku ya pili yake nikamkuta amesimama kama aliyekanyaga makaa: miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote ameurudisha nyuma. Nikaweka kiganja kwenye ukwato, ulikuwa wa moto. Ilikuwa laminaiti. Mfupa ulio ndani ya ukwato hushikiliwa na nyama nyororo zilizoshikana na ukuta wake, na zile zilikuwa zimeanza kuachia. Aliishi, lakini hakubeba mtu tena. Binti wa mwenye farasi aliendelea kuja kila Jumamosi kumpiga brashi, nami kila Jumamosi nilijifungia chumba cha matandiko nisikutane naye.

Kwa hiyo sikilizeni. Siku tatu za kwanza: nyasi zake mwenyewe na maji, basi. Kuanzia siku ya nne, robo ya nyasi zetu na robo tatu za kwao. Baada ya siku tatu au nne, nusu kwa nusu. Ifikie siku ya 14 ndipo awe kwenye nyasi zetu kabisa. Kiasi ni karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani farasi wa kilo 450 ale kama kilo 9 za nyasi kavu. Nafaka, kama kweli anaihitaji, anza na konzi mbili, uongeze kidogo kila baada ya siku mbili, na isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja hata akiwa farasi wa kazi nzito.

Na gorogoro si mizani! Gorogoro ya pumba ni nyepesi, ya mahindi ni nzito, ya shayiri iko katikati. Kosa langu lilianzia kwenye mkebe ule. Nunua mizani ya kuning'iniza, pima mara moja kila aina, uandike kwenye kifuniko cha pipa. Nyasi zenye ukungu usimpe hata kama robota lilikuwa ghali. Na mlango wa stoo ya nafaka uwe na komeo ambalo farasi hawezi kulifungua kwa midomo, maana wako wanaoweza.

Hatua ya 6. Usubi. Wadudu hawa wadogo ndio wanaobeba ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, na hutoka jua likizama mpaka linapochomoza. Aingie ndani saa kumi na moja jioni, atoke jua likishapanda. Chanjo ni kila mwaka. Kama kitabu hakionyeshi, mwite daktari apange tarehe. Ukiona homa kali na uvimbe kwenye yale mabonde juu ya macho, usisubiri kesho.

Hatua ya 7. Karantini ikiisha bila homa, mweke uwanja wa jirani, wanusane juu ya ua siku chache. Kisha mpe mwenzake mmoja mpole, halafu kundi. Viatu vya nyuma vitolewe kwanza. Mafungu ya nyasi yazidi idadi ya farasi kwa moja au mawili, yakae mbalimbali, ili anayefukuzwa apate pa kwenda.

Hatua ya 8. Kazi. Kwanza kamba ya duara, azunguke nawe umesimama katikati umeishika, kisha apandwe na saisi, kisha mwanafunzi mkubwa aliyeiva. Mtoto awe wa mwisho.

MASWALI

mkwaju_77: Somo refu sana mkuu. Kwa kifupi, wangu amefika leo mchana, nimpe nini?

Jibu: Nyasi alizokuja nazo, na maji. Mengine yako hatua ya 5.

mkwaju_77: Hakuja na nyasi. Nimempa ndoo ya mahindi yaliyosagwa kwa sasa.

Jibu: Ndoo ya lita ngapi, imejaa kiasi gani? Ametoka wapi, alikuwa anakula nini? Ondoa iliyobaki. Mpe nyasi kavu safi kidogo kidogo, usimwongezee nafaka, na umtazame kila saa.

Binti wa Meru (Arusha): Shikamoo mwalimu. Asante kwa somo. Sisi hatuna mizani ya kumpima farasi mzima. Hiyo asilimia 2 nitaijuaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali zuri, na litakusaidia kwa dawa ya minyoo pia, maana dozi ni ya uzito. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma tu ya kiwiko na nyuma ya kinundu cha bega, akiwa ametoa pumzi. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Kifua sentimita 180, urefu 165: unapata kilo 450. Si sawa na mizani, lakini ni bora mara kumi kuliko jicho. Pima kila mwezi, mtu yule yule, utepe ule ule.

Binti wa Meru: Na utepe ukiwa mfupi?

Jibu: Tumia kamba isiyovutika, kisha ulaze kamba sakafuni uipime.

Hatamu Mkononi: Bwana, mimi mwaka wa kumi nabadilisha chakula siku moja na sijapoteza farasi. Mnawatisha watu.

Jibu: Nami nilikuwa mwaka wa tano bila kupoteza farasi. Nimeeleza yaliyonikuta, na jina la kosa ni langu. Wewe endelea na wako, ila wa watu waliokuja liveri usiwajaribie.

Hatamu Mkononi: Sijasema nawajaribia.

Jibu: Sawa.

Mstaafu wa Ngong: Nimechukua farasi aliyestaafu mbio pale Ngong Racecourse, tumfanye wa mafunzo. Alikuwa anakula oti nyingi sana. Je, naye nimpunguzie polepole au nikate?

Jibu: Hapa mambo yanageuka, na ni vizuri umeuliza. Farasi asiyekimbia hana pa kupeleka nguvu ya oti zile. Utaziona kichwani, anaruka kila jani likipepea. Kupunguza nafaka si hatari kama kuongeza. Mpunguzie kuanzia siku ya kwanza, amalize ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, lakini nyasi ziongezeke na zisimwishie usiku. Tumbo tupu kwa saa nyingi linawapa vidonda hawa wa mbio. Na mpe muda wa kujifunza kusimama tu. Wengi wao hawajawahi kusimama kwenye kipandio wakamsubiri mtu.

Mama wa mwanafunzi: Samahani, mimi si saisi. Mbona walituzuia kumpa farasi mpya karoti? Mwanangu alilia.

Jibu: Pole, mama, na asante kwa kuuliza. Mkono uliogusa pua ya mgeni ukienda kwa farasi wa pili unaweza kupeleka ugonjwa, na watoto hupita mlango kwa mlango. Mwambie siku 21 zikiisha ataitwa yeye kwanza. Karoti zikateni kwa urefu kama vidole, si vipande vya duara, maana vya duara hukwama kooni.

Punda wa Mtaani (Lamu): Huku kwetu ni punda tu, ila ndugu yangu Malindi ana farasi wawili na anataka kununua punda awe mwenzao. Kuna ubaya?

Jibu: Punda ni rafiki mzuri sana, farasi wenye wasiwasi hutulia wakiwa naye. Lakini mambo mawili. Punda hubeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa, farasi akiipata ndiye anayekohoa. Apewe dawa kabla ya kuingia malishoni. Pili, ugonjwa wa farasi wa Afrika humpitia punda kimya, usubi ukamtoa kwake ukampeleka kwa farasi. Hivyo siku 21 ni zake pia, na chanjo za farasi ziwe tayari.

Punda wa Mtaani: Shukrani. Sikujua la mapafu.

Bibi Tende (Muscat): Huku Oman wazee wetu huwapa farasi tende. Ni makosa?

Jibu: Si makosa, bibi. Chache, zilizotolewa kokwe, kwa farasi mzima mwenye kazi. Ni sukari, kwa hiyo mnene au aliyewahi kupata laminaiti asipewe. Nami nilijifunza kwa wenzenu kuificha dawa ya unga ndani ya tende iliyopasuliwa. Farasi anayetema molasi hatemi tende.

Bibi Tende: Nyingine: mpe kwanza tende tupu mbili, ya tatu ndiyo yenye dawa.

Jibu: Hiyo naichukua.

mkwaju_77: Mkuu uko macho? Anaparua chini na kutazama tumbo. Jasho shingoni.

Jibu: Niko. Toa chakula chote. Mpigie daktari sasa hivi, sio asubuhi. Usimpe dawa yoyote ya maumivu mpaka daktari aseme. Mapigo ni ngapi?

mkwaju_77: Nahesabu 60. Daktari anakuja, yuko dakika arobaini.

Jibu: Mwambie mapigo hayo, na umwambie ukweli kuhusu mahindi, kiasi chote. Kama anataka kujibwaga, mtembeze polepole kwa mkono. Akilala kimya, mwache. Wewe usisimame anapoweza kukugaragazia. Nakaa hapa.

mkwaju_77: Daktari amepitisha mpira. Ametoa maji mengi yenye mahindi. Sasa amesimama, ameinamisha kichwa.

Jibu: Umefanya vizuri kumwita. Tega sikio ubavuni, kulia na kushoto. Unasikia ngurumo?

mkwaju_77: Kushoto ndiyo. Kulia kidogo.

mkwaju_77: Saa kumi na moja alfajiri. Amekunya!

Jibu: Mavi mangapi, magumu au laini? Chakula ni kama daktari alivyoagiza, usizidishe hata konzi. Muulize sasa hivi, kabla hajaondoka, kuhusu kuweka barafu kwenye kwato. Halafu weka kiganja kwenye kila ukwato asubuhi, mchana na jioni, siku tatu, uniandikie hapa.