Siku ya kwanza Namibia na hema juu ya gari
Ukishakabidhiwa gari pale Windhoek usikimbilie barabarani, lifungue kwanza lile hema la juu hapohapo yadi na ulikunje mwenyewe, maana zipu ikigoma usiku jangwani utamuuliza nani? Cheki jeki, na tairi za spea omba mbili. Nunua maji na kuni, jaza fulu tenki. Njia ya Sesriem, lango la kuingilia matuta ya mchanga ya jangwani, lami inaisha ni changarawe tu, kwa hiyo punguza upepo kidogo kwenye tairi na usizidi kilomita 80 kwa saa, gari likianza kuteleza usikanyage breki ghafla, achia pedeli ya mafuta taratibu. Solitaire, kijiji kidogo cha njiani, kuna sheli, ongeza hata kama geji iko nusu. Na fika kabla giza halijaingia aisee, usiku wanyama wanakatiza barabara.