Pedali ya breki inazama kwenye Land Rover 109: usikimbilie masta silinda

Mbukwenyi wadau. Mwezi huu watu watatu wameniuliza jambo lilelile: Land Rover ya zamani, ukikanyaga breki pedali inaenda karibu na sakafu. Naandika mara moja ili tusome wote. Gari langu ni Series III, 109 (ile ndefu), breki za dramu magurudumu yote manne, na hapa Nkuhungu majirani wamezoea kuona miguu yangu ikitokeza chini yake kila Jumapili.

Nianze na aibu yangu. Nilipolinunua, fundi aliikanyaga pedali mara moja tu akasema masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, imekufa. Nikaagiza Dar, ikaja kwa basi, tukafunga, tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki jioni nzima. Pedali ikabaki vilevile. Kumbe hakuna aliyekaza breki kwa muda mrefu, viatu vya breki, vile vinavyobana dramu kwa ndani, vimelika na viko mbali nayo. Masta ya zamani bado ninayo kwenye boksi, haina kosa.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, usikilize mguu wako. Zima injini, kanyaga. Ikienda chini lakini ukiipampu haraka mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu, mara nyingi ni viatu vilivyo mbali na dramu. Ikiwa kama unakanyaga godoro, yaani hata ikishapanda bado inabonyea, una upepo kwenye mfumo. Ikishika vizuri halafu, ukiwa umeikandamiza, ikazama polepole kama mtu anayesinzia, ama mafuta yanavuja nje, ama raba za ndani ya masta zinapitisha. Ni hapo tu ndipo masta anapoingia kwenye mashtaka.

Kabla ya jeki, neno moja ambalo vijana wa gari ndogo hawalijui. Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti, nyuma ya gia boksi ndogo. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaliachia lile la upande wa pili lizunguke, na gari linaweza kuondoka huku hendibreki umeivuta. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, na chini ya ekseli weka stendi au gogo zito. Usimtegemee jeki peke yake.

Sasa kaza breki. Nyuma ya bamba la gurudumu kuna kichwa cha kukazia. Magurudumu ya mbele ya 109 yana viwili, kimoja kwa kila kiatu, na watu wengi hukaza kimoja wakasahau cha pili. Zungusha tairi kwa mkono huku unakaza mpaka ligome kabisa, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Kanyaga breki kwa nguvu viatu vikae katikati, kisha rudia. Kichwa kikiwa kimeshika kutu usikilazimishe, kitakatika. Kipake mafuta ya kulegeza leo, urudi kesho.

Nina mtihani ninaoupenda hapa. Kaza yote manne mpaka matairi yagome, halafu kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu kama jiwe, shida ilikuwa umbali wa viatu na huna sababu ya kununua kitu. Ikibaki ya sponji hata hivyo, tafuta upepo. Usisahau kuyalegeza kabla ya kuondoka.

Ukifungua dramu, usipulize vumbi lake kwa kompresa. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe. Vumbi la Dodoma linatutosha.

Ndani utakuta pamelowa au pakavu. Pakiwa pamelowa, jua ni mafuta gani. Mwagia maji: mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kuondoka, basi wili silinda, ile ndogo ya gurudumuni inayosukuma viatu, inavuja. Oili ya difu inabaki na utelezi wake, na ina harufu nzito ya kiberiti. Hiyo imepita kwenye oil sili ya habu, raba inayozuia oili katikati ya gurudumu. Viatu vilivyolowa mojawapo havisafishiki, badilisha vya pande zote mbili.

Pakiwa pakavu na pedali bado laini, toa upepo. Anza gurudumu lililo mbali na masta. Kwa usukani wetu wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta safi ya breki. Spana boi anakanyaga taratibu na kushikilia, wewe unafungua, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, umevuta upepo mpya na mnaanza upya. Kila baada ya mara tano hivi chungulia kopo la mafuta. Likikauka, jioni imekwisha. Mafuta uliyotoa usiyarudishe.

Maswali yaliyokuja

Wa Mpwapwa: Nimetoa upepo mara tatu, nyuma safi, mbele bado sponji. Nina 109 kama yako.
Jibu: Mbele kila gurudumu lina silinda mbili zilizounganishwa na kibomba, na upepo hupenda kujificha hapo. Gonga gonga silinda na kibomba kwa mpini wa spana huku kijana anakanyaga. Ukishindwa, tumia klempu laini ya hozi. Gari hili lina hozi tatu, mbili mbele na moja inayoenda nyuma. Zibane zote: pedali ikiwa ngumu, shida iko upande wa magurudumu. Achia moja moja, itakayolainisha pedali ndiyo yenye mgonjwa.

Wa Manyoni: Breki yangu nzuri mjini, lakini nikishuka Saranda nimepakia mahindi, chini kule pedali haipo. Nikipumzika inarudi.
Jibu: Mafuta yako yamezeeka. Hunyonya unyevu, na joto la dramu likizidi yanachemka, mvuke unafanya kazi ya upepo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, yakishanyonya maji kiwango ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha yote, na mteremkoni shuka kwa gia ya chini. Breki si nanga.

Wa Kondoa: Kuna muuza spea ameniambia naweza kuongezea ATF, oili ya gia boksi otomatiki, eti yote ni hidroliki.
Jibu: Hapana! Raba zote zitavimba, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho. Kama umeshatia, usiendeshe. Raba zote zibadilishwe, na hozi pia, na mabomba yasafishwe.

Wa Bahi: Viatu vipya, hakuna upepo, hakuna kuvuja, bado laini. Nifunge masta mpya?
Jibu: Iache. Viatu vipya kwenye dramu kuukuu hugusa sehemu tu, kwa hiyo vinajipinda ukikanyaga na mguu unahisi sponji. Endesha taratibu kilomita mia mbili tatu, ukiacha nafasi ya kutosha na gari la mbele, kisha kaza tena.

Wa Bahi: Na injini ikiwaka pedali inashuka kidogo?
Jibu: Kama lako lina sevo, kifaa kinachousaidia mguu injini ikiwaka, hiyo ndiyo kazi yake.