Vidole, mistari, macho: kufundisha kuchora watoto wa rika tofauti

Katika kikundi kimoja cha Lubumbashi unaweza kukuta mtoto wa miaka 5 kando ya kijana wa miaka 16. Rangi wapewe ileile. Kazi ndiyo itofautiane.

Kutengeneza rangi hiyo, koroga vijiko 2 vya unga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha mimina kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji ung'ae. Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge tu. Uji ukipoa, changanya kijiko 1 na kijiko 1 cha udongo uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Udongo ukizidi, rangi ikikauka hupukutika. Uji ukizidi, karatasi hujikunja. Tengeneza ya siku hiyo tu, maana huchacha upesi.

Udongo mwekundu umejaa mjini, ila usichote karibu na migodi, mitaro yake wala viwanda vya kuyeyushia shaba, kwa sababu huenda una madini mazito yenye sumu. Utoe mbali, nje ya mji. Malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, usiisage kabisa, hata kijani chake kikutamanishe vipi: vumbi lake ni sumu. Wadogo wanaolamba vidole watengenezee rangi kwa binzari ya manjano badala ya udongo.

Miaka 5 hadi 7 ni ya vidole. Bela, mchoraji wa karakana ya Le Hangar aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mjini humu miaka ya 1940, alipaka kwa ncha za vidole. Wape kartoni kubwa. Kwenye karatasi ndogo watamaliza upesi na kuanza kupakana usoni. Dakika 20 zinatosha. Usiwachoree mfano, maana ukichora ndege mmoja, ndege wako huyo atatua kwenye kila kartoni.

Miaka 8 hadi 11, nenda kwenye mistari. Mwenze Kibwanga, wa karakana hiyohiyo, alijaza wanyama na watu wake kwa mistari mifupi iliyobanana. Mtoto achore samaki mkubwa, kisha amjaze kwa mistari inayofuata mviringo wa mwili. Ikielekea upande mmoja yote, samaki anabaki bapa. Rangi ya kwanza ikauke kabla ya pili, la sivyo vyote vinageuka tope.

Kuanzia miaka 12 hivi ndipo penye kazi. Kijana anaanza kuona kwamba mchoro wake haufanani na kitu chenyewe, anaona haya, anaacha. Kumsifu hakumsaidii, mfundishe kupima. Weka sufuria mezani, mita 2 mbele yake. Anyooshe mkono kabisa, afumbe jicho moja, apime upana wa mdomo wa sufuria kwa penseli, kisha aulinganishe na kimo cha sufuria hiyo. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, kipimo kinabadilika, na makosa mengi hutoka hapo.

Halafu tazama kitako. Karibu wote huchora mdomo wa duara lililobanwa na kitako kilichonyooka kama rula, kwa kuwa wanajua sufuria imekaa juu ya meza bapa. Mwambie asogeze jicho mpaka usawa wa mdomo: duara linakuwa mstari. Akisimama, linafunguka, na la kitako linafunguka zaidi kwa sababu liko chini zaidi ya jicho. Vifutio vikusanye mapema. Mstari uliokosewa ubaki, wa pili uchorwe kando yake, ili nyote wawili mwone alikosea kwa kiasi gani.